Jiwe la Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako, na umgawie kila mtu humo nyumbani atakayeuliza habari zangu. Vipi magoti? Mara ya mwisho uliandika kwamba ngazi tatu za mlangoni kwako zimegeuka mlima, na ukajicheka mwenyewe, kwa hiyo nikajua maumivu hayajakulaza. Na yule mjukuu wako mdogo, ameacha kuogopa paka? Naomba barua hii ikukute u mzima na uko kwako, maana siku hizi mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine.

Mimi nipo, ingawa nimebaki mifupa na masikio. Daktari alisema mapafu yamejaa maji, na alipomaliza kusema akaanza kuisifu saa ya ukutani, nikaelewa. Wamenihamishia chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kwa kuwa ngazi za kwenda juu zimenishinda. Mjukuu wangu muuguzi hunichoma sindano asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kinyozi wa jirani huja kuninyoa. Naandika nimeegemea mito, kwa hiyo utauvumilia mwandiko. Naandika mistari kumi, napumzika, naandika kumi mingine.

Tangu redio itangaze kwamba serikali yetu imelichukua bonde lenu, kutoka mtoni hadi mgongo wa mlima, nyumba hii haina amani. Neno walilotumia wao ni kurudisha. Bonde limerudishwa, walisema, kana kwamba nyinyi mlikuwa mmeliazima mkasahau. Ya huko unayaona kwa macho yako, askari darajani na bendera juu ya shule. Acha nikueleze yanayosemwa huku, chini ya paa la kaka yako.

Mwanangu, yule uliyembeba mgongoni mpaka akakutapikia gauni jipya, sasa ni mtu mzito katika ofisi ya ardhi. Yeye anasema bonde halina hospitali wala lami, kwamba nchi iliyoshindwa hata kupaka daraja rangi haina haja ya kung'ang'ania mto, na kwamba baada ya miaka miwili watu wa huko watatushukuru. Alisema hayo tukiwa mezani, huku akikata mkate. Binti yake akamjibu kwamba kama mwenye nyumba nzuri ana haki ya kuchukua jiko la jirani, basi tuanze kufungasha vyombo, kwa sababu mkandarasi wa mtaa wa pili ana ghorofa tatu na sisi tuna moja. Baba mtu akamwambia ashike sindano zake, mambo ya mipaka awaachie wanaoyajua. Binti akasema sindano ndizo anazoshika; wiki hiyo alikuwa amewachoma majeruhi kumi na mmoja waliotolewa darajani, na hakuna hata mmoja aliyemwulizia lami. Nilisikia mkate ukitafunwa mpaka mwisho.

Kinyozi hukubaliana na kila mtu ambaye kidevu chake kiko mkononi mwake. Aliniambia kwamba Jumatatu alimnyoa ofisa mmoja na bonde likawa letu, Jumanne akamnyoa dereva aliyeoa huko na bonde likawa lenu, na mimi akaniuliza kwanza niko upande gani kabla hajaweka wembe. Tukacheka mpaka nikakohoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa, kwa sababu wateja wake wote, hata wale wapole, siku hizi wanatamka neno sisi kwa kupiga kelele.

Mimi niligeukia ukutani kila walipoanza. Walidhani ni ugonjwa.

Halafu magazeti yakachapisha ramani. Unaijua, ni ile ya miaka arobaini na mitatu iliyopita, na pale chini, upande wa kulia, kuna sahihi yangu. Serikali inasema mpaka haujahamishwa hata hatua moja, ulikuwa mlimani siku zote, na ramani iliyotiwa sahihi na mpimaji ndiyo ushahidi. Mwanangu alileta nakala nne za gazeti akazitandaza kitandani. Watu wakapita kunipa mkono. Mwezi ujao watakuja wasuluhishi kutoka nchi za nje kuzisikiliza pande zote mbili, na kwa kuwa kati ya waliotia sahihi nimebaki mimi peke yangu, wakubwa wakataka sauti yangu irekodiwe kabla sijaondoka nayo. Mwanangu ndiye aliyekabidhiwa kulisimamia jambo hilo. Ameahidiwa kuwa mkuu wa ofisi ya ardhi ya wilaya mpya, huko huko bondeni kwenu. Alishaanza kuniuliza ni upande gani wa bonde usio na vumbi.

Walikuja Jumanne asubuhi, maofisa wawili na binti mmoja wa kinasa sauti. Wakaniegemeza kwa mito, wakanipa karatasi yenye aya moja niisome. Ilisema kwamba mimi, nikiwa na akili zangu, nathibitisha kuwa niliyapima mawe yote kumi na mawili pale yanapoonekana kwenye ramani. Nilisoma mpaka katikati. Kisha nikaiweka karatasi kifuani, nikasema kwamba ramani ile ni ya uongo, na mwongo ni mimi.

Ofisa mkubwa akamfanyia ishara binti azime mashine. Hapo mwanangu akasimama. Kwa sauti ya adabu kabisa, huku amefumbata mikono, akawaomba radhi wageni, akasema mzee ana homa, tangu juzi anachanganya mambo, na mawe pia anayachanganya. Sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu. Maofisa wakanipa pole, wakasema watarudi na daktari wao wa kuandika cheti kwamba akili zangu zimekwisha, ili hata nikisema tena isihesabike. Walipotoka, mwanangu akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama najua nilichomfanyia. Nikasema najua. Akauliza kwa nini sikusema zamani, wakati yeye alikuwa mtoto na hakuna kilichokuwa kikimtegemea. Tangu siku hiyo haingii humu. Nasikia viatu vyake vikija mpaka mlangoni, vinasimama, vinarudi.

Mdogo wangu, wale niliwaambia nusu. Nusu ya pili ni yako, na ndiyo iliyonifanya niombe kalamu.

Unakumbuka kwamba nchi hizi mbili zilikubaliana kuyatafuta mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapimaji wa kale, kuyapima, na kuyachora. Upande wetu nilikuwa mimi. Upande wenu haukuwa na mpimaji hata mmoja, wakamtuma mwalimu wa hesabu awe shahidi wao. Nikamleta nyumbani kula, akakuona, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Tulipofika jiwe la saba ulikuwa umeolewa miezi minane. Jiwe la saba, la nane, la tisa, la kumi na la kumi na moja yalikuwa kwenye ukingo wa mto. Niliyaona. Niliyashika kwa mkono huu. Marehemu shemeji alisimama kando yangu siku nzima akiukinga mtambo wa kupimia kwa mwavuli ili jua lisiupotoshe, akinitania kwamba serikali yake imemsomesha ili aje kuwa kivuli.

Wiki mbili baadaye mkuu wangu alikuja kutoka makao makuu. Akaniambia mawe yale yanatakiwa yawe mlimani, kisha akaniuliza ni miaka mingapi nimesubiri cheo. Nilikaa mezani siku tatu nikapika vipimo. Nilianza na mstari walioutaka, nikarudi nyuma mpaka kwenye namba ambazo zingeuzaa. Daftari la kweli nikalichoma. Vibarua wakayang'oa yale mawe wakayatosa mtoni penye kina.

Shemeji alipouona ukurasa ule alicheka. Akasema vipimo vya kweli huwa na kosa dogo, kwa sababu jua huwaka, upepo huvuma na binadamu huchoka, lakini hivi vyangu vimeoga, vimepaka mafuta, vimechana nywele, vinakwenda harusini. Akakataa kutia sahihi. Tukaitwa mbele ya kamati. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya adabu kwamba mwalimu alikuwa na homa wiki ile, na mawe anayachanganya. Homa alikuwa nayo kweli, siku moja. Uongo wangu ulisimama juu ya siku hiyo moja. Akaondolewa shuleni, na mtaani kwenu wakambandika jina la Bwana Mawe. Ramani ikatupwa kwenye kabati, watu wakaendelea kuuhesabu mto kuwa mpaka kama zamani, nami nikajiambia kwamba ni karatasi tu.

Lakini kinachonibana kifua kuliko maji haya ni siku uliyokuja. Ulivuka daraja na mimba ya miezi sita, ukakaa kwenye kigoda jikoni, ukaniuliza uso kwa uso ni nani kati yetu anayesema uongo. Ulisema utaniamini mimi, kwa sababu tangu utoto sijawahi kukudanganya. Nikakuambia ni homa. Ukanywa maji, ukarudi, ukamwambia mumeo aache kujiaibisha. Baada ya siku chache ukaniandikia kwa furaha kwamba amekubali kuacha na amani imerudi nyumbani.

Aliishi miaka ishirini na sita baada ya hapo, pamoja na mke aliyeamini kwamba homa ilimharibu macho. Hakukulazimisha kuchagua tena. Mdogo wangu, hakuchanganya jiwe hata moja. Alikuwa mkweli, nawe ulikuwa na mume mkweli, na mimi ndiye niliyekunyima kulijua hilo alipokuwa hai.

Sikuombi msamaha. Hilo lahitaji muda, na muda unao wewe. Nakuomba kazi.

Wapimaji wa kale walikuwa na desturi yao. Kabla ya kusimika jiwe la mpaka walichimba shimo refu, wakaweka chupa mdomo chini, wakaizungushia mkaa, wakafukia, ndipo wakasimamisha jiwe juu. Jiwe likiibiwa, mahali pake panabaki, kwa maana mkaa hauozi. Vibarua hawakulijua hilo. Mkuu wangu alikuwa mtu wa ofisini, hakulijua. Shemeji alikuwa mwalimu, hakulijua. Mimi nililijua, nikachana kutoka kwenye jalada ukurasa uliolitaja, lakini sikuwaambia wachimbe zaidi. Usije ukajiambia kwamba ulikuwa wema. Sijui ulikuwa nini.

Pale mto unapopinda, chini ya shule ya zamani, kuna mwamba mweusi wenye ufa. Simama juu ya ufa, elekea kilele cha mlima chenye mabega mawili, pima mita ishirini na sita na nusu. Hapo ndipo lilipokuwa jiwe la tisa. Chupa iko mita moja na nusu chini. Hayo mengine manne nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Usichimbe mwenyewe, wala usiwatume watu wako, maana watasema mmefukia wenyewe. Nenda kwa wasuluhishi siku watakayofika, uwape barua hii, waje na majembe yao wachimbe kwa mikono yao. Ushahidi wa mzee asiye na akili wanaweza kuukataa, lakini mkaa hawawezi kuuandikia cheti cha wazimu. Ila fanya haraka, nasikia askari wanachimba mahandaki huko, na wakifika pale mto unapopinda hatutakuwa na kitu.

Barua hii anaileta mjukuu wangu. Gari la wagonjwa bado linaruhusiwa kuvuka Ijumaa, nayo itashonewa ndani ya koti lake la kazi. Anajua yaliyomo. Baba yake hajui. Ukiitumia, mwanangu atapoteza kazi, na huenda akayaona mengine mabaya zaidi ya hayo. Nimelifikiria hilo siku tatu, muda ule ule niliokaa nikipika vipimo. Itumie.

Nisalimie watoto wako wote, na wajukuu, na yule jirani yako mwenye mdomo. Mwambie nilicheka sana aliponiita ufito wa kuangulia mapapai, na kwamba siku hizi ufito umekonda zaidi. Waambie wanao habari za baba yao kabla hawajazisikia barazani kwa wasuluhishi. Waambie wewe, kwa mdomo wako. Jikande magoti, usikae kwenye baridi, na ukikimbizwa usikimbie kwa miguu, panda gari lolote utakalolipata. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi kaka yako,
niliyekuwa mpimaji.

Bibi, shikamoo. Babu ameniomba niandike hapa chini. Nimeomba ruhusa kazini, nimekaa naye tangu alipoanza barua hii mpaka alipoimaliza, Jumatano na Alhamisi. Joto la mwili lilikuwa la kawaida siku zote mbili. Nilimuuliza tarehe, majina ya wanawe na jumla ya namba nilizomtajia, akajibu yote sawasawa, na kwenye namba moja akanisahihisha mimi. Hana homa, na akili zake ni timamu. Natia sahihi yangu kwa hiari, mimi mjukuu wake, muuguzi.