Eksteno ya Babu

Mikumi, Jumamosi

Hatimaye imekubali! Asubuhi nilipochomeka eksteno mpya, diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, kwenye laptop, haikusoma kabisa. Jasho likanitoka. Laptop yenyewe imechoka, inajizima ovyo, na rekodi zote za marehemu babu akisimulia mambo yake zimo humo tu.

Nikampigia Hamisi, fundi wa kompyuta pale Kilosa. "Dada, badilisha waya kwanza. Ikikuuliza kufomati, kataa, usije ukafuta vitu!"

Nikabadilisha waya, ikasoma. Kunakili kulichukua saa mbili, na muda wote sikuthubutu hata kuigusa meza.

Mchana bibi akafika kutoka Zombo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba. Unalinda nini hapo?" Nikamfungulia rekodi moja. Babu akaanza kujisifu jinsi alivyofukuza fisi watatu.

"Mwongo wewe, fisi alikuwa mmoja!" bibi akamjibu papo hapo. Tukacheka mpaka machozi.

Eksteno nimeichomoa kwa utaratibu, sikuing'oa tu. Ila nina wasiwasi, ikianguka je... Lazima ninunue ya pili.

Bibi ameiviringisha kwenye kanga yake na kuiweka juu ya kabati. "Huyu," kaniambia, "asilale sakafuni."