Zahanati ya Mkwe Wako

Mama, shikamoo.

Marahaba yako siisikii, lakini sijazoea kuanza maneno na wewe bila salamu. Ni wiki ya sita tangu tukuzike na bado sijalia. Shangazi wananitazama. Napika, nafua, nachambua maharage, na ndani yangu hakuna kitu.

Unakumbuka ng'ombe wa mahari walivyoingia zizini kwetu? Ulicheza mpaka kanga ikadondoka. Mganga wa zahanati ya Machochwe anamwoa binti yako! Uliwaambia majirani kwamba sasa wewe na homa mmeachana. Kumbe siku hiyohiyo ndipo mlango wa zahanati ulipokufungia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kugusana. Zahanati na mji wetu ni pua na mdomo, lakini tangu harusi hukukanyaga pale. Ukisikia pikipiki yake unaingia kwenye mahindi ya watu na kuipa barabara mgongo. Tulikuwa tunacheka. Nilikutania kwamba ipo siku utaumwa na nyoka kwa ajili ya heshima.

Ukiugua, mimi ndiye niliyekuwa miguu yako. Unanieleza, namweleza, narudi na dawa. Mwaka jana uliniambia bega la kushoto linauma, nikamwambia bega. Nilikuletea vidonge vya bega kiangazi kizima. Akasema uende akupime. Ukajibu, "Nimvulie mkwe wangu nguo? Bora nife." Nikadhani ni utani wako.

Siku niliyokusaidia kuoga ndipo nilipoliona titi. Lilikuwa limeshakuwa kidonda. Nilikuuliza kwa nini ulisema bega.

"Mwanangu, ningekutuma vipi ukalitaje titi langu mbele ya mume wako?"

Hospitali huko mjini, nesi aliuliza tunaishi umbali gani na zahanati. Nikasema tunaiona kutoka uani. Akaandika, akaniangalia, akaendelea kuandika. Mume wangu alikuwa nje kwenye benchi, ameupa mlango mgongo. Siku ya mazishi alisimama nyuma ya zizi mpaka tukamaliza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Simlaumu. Wewe pia sikulaumu, na ningependa nikulaumu, angalau nisikie kitu.

Aliomba uhamisho, amepata. Mwezi ujao tunahamia upande wa Tarime. Jumatatu amefika wa kushika nafasi yake, nami nilikuwa uani kwako nafagia. Ni mwanamke, mama. Mtu wa mbali, hana ukwe na yeyote hapa. Nilimtazama akifungua madirisha ya zahanati moja baada ya jingine, nikaweka ufagio chini, nikaenda mlangoni kwako kukuita.

Pumzika, mama.

Binti yako,
mke wa daktari