Akiba wa Tanganyika

Jumamosi, 24 Januari 2026

Naandika Kiswahili kwa sababu moja tu: dada yangu Raghad anakisikia, kukisoma hawezi. Asome Kiarabu chake na Kiingereza chake cha chuo. Hapa hapati kitu! Na makosa yangu ya herufi nani atayaona? Skuli niliwaachia wenyewe zamani.

Habari kubwa: mechi ni Ijumaa ya tarehe sita, pwani ya Qantab, kama kila mwaka kabla ya Ramadhani. Unguja na Tanganyika. Familia zilizotoka Zanzibar upande huu, zilizotoka bara upande ule. Sote Waomani, sote Kiswahili nyumbani, sote tukifungwa hatuli. Na kipa wa Unguja ni mimi, Aws, kipa bora wa Muscat nzima. Sisemi mimi, wanasema watu. (Watu gani? Mimi na Bibi.)

Bibi ni Bi Mahfoudha, mama yake baba, mzaliwa wa Malindi, Unguja. Tunakaa naye hapa Al Khuwair. Babu Sleiman ni baba yake mama, mzaliwa wa Tabora, anakaa kwa khali, kaka yake mama, Madinat Sultan Qaboos. Kila Ijumaa anakuja kula kwetu. Kila Ijumaa wanagombana. Alhamdulillah, bila ya hivyo wali haushuki.

Jana Babu kaanza na Kombe la Gossage. Nchi nne — Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja. Tanganyika walilichukua mara tatu mfululizo, enzi za Mwingereza.

Bibi: kombe la muuza sabuni lile, bwana Sleiman.

Kweli kabisa! Gossage alikuwa mtengeneza sabuni.

Babu akafuta ndevu taratibu. "Sabuni, ndiyo. Sisi tumeogea mara tatu, Bi Mahfoudha. Nyinyi hata povu hamkuliona."

Ganda la chungwa likapita juu ya kichwa changu. Bibi akasema Unguja walichukua Kombe la Challenge mwaka tisini na tano, je? Babu akasema wakati ule Tanganyika haipo tena, mngeogopa nani?

Mama anasema watu wazima hao. Mimi nasema nisipewe televisheni, nipewe hawa tu.


Jumatatu, 26 Januari

Leo kazini nimepeleka vyakula vya watu wizarani mpaka gari yote inanuka kitunguu thomu. Nikapita kwa Babu kupumzika. Yuko uani peke yake, kahawa na tende. Nikamtania: Babu, nipe siri za Tanganyika nikawauzie Unguja.

Hakunijibu utani. Akaniambia kitu sijapata kukisikia.

Sisi siku zote tunasema Babu alichezea Tanganyika. Tunawaringia watu. Kumbe yeye hajasema hata mara moja! Tumesema sisi. Alichaguliwa, ndiyo. Akapanda treni Tabora mpaka Dar es Salaam, akapewa jezi, akakaa benchi. Akiba. Mechi hii anafunga kamba za viatu, anafungua. Mechi ile anafunga, anafungua. Mwalimu wao anamwambia, kijana, wakati wako unakuja.

Mwaka sitini na nne, mwezi wa nne, nchi mbili zikafanywa moja. Timu ilipoitwa tena, jina jengine, mwalimu mwengine, na goti lake limeshaharibika.

"Nchi imekwisha, mimi bado nimekaa," anasema. Akacheka. Mimi sikucheka. Hata mimi!

Halafu akanishika mkono. Mwaka huu nichezee upande wake. Nikae golini kwa Tanganyika. Japo damu yake iguse uwanja.

Ningesema nini? Kwetu mzee hapewi "hapana" usoni. Unasema hewalla, unatoka, unamtafuta mtu mzima akakusemee kwa upole. Ndiyo desturi.

Nikasema hewalla, Babu.

Mtu mzima sikumtafuta. Nilikuwa na njaa.


Alkhamisi, 29 Januari

Balaa!

Bibi ameniita chumbani kwake, anatoa kitu kwenye mfuko wa nailoni kama anatoa dhahabu. Glavu za kipa, mpya! Kamtuma Mama dukani. Ameshawapigia simu mashoga zake wote mpaka wa Dubai kwamba mjukuu wake anakaa golini kwa Unguja. "Usiniaibishe, mwanangu. Mimi mdogo nilikuwa nakaa uwanjani Mnazi Mmoja nawatazama wale makipa, nasema, mimi mtoto wa kike, sitaruhusiwa. Mjukuu wangu lakini, inshallah."

Ningesema nini? Nikasema sawa, Bibi. Nikambusu kichwa. Glavu tamu sana, zinanata kama gundi.

Sasa nimeahidi mara mbili. Nagombewa na nchi mbili! Wachezaji wakubwa wa Ulaya hawajapata hilo. Tatizo nchi zenyewe mbili zote hazina hata ubalozi.

Jioni Badr akanipigia, mtoto wa khalati, dada yake mama, nahodha wa Tanganyika. Anapiga kelele: Babu kasema wewe ni wetu! Nikamwambia mtandao mbovu, nikakata.


Jumapili, 1 Februari

Raghad kasema yote. Hakuhitaji kusoma daftari, kanisikia tu na Badr kwenye simu. Nyoka wa nyumbani.

Kwanza Bibi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema tu, glavu uzirejeshe kwenye mfuko wake. Mama kanipa maneno kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili, nisije nikakosa hata moja. Umemuahidi mzee wa watu! Hukutuma hata mtu akamweleze! Umelelewa wapi? Nikasema, kwako. Ndipo nikapigwa na kandambili.

Halafu simu ya Babu. Hii ndiyo mbaya. Sauti laini kabisa: "Cheza upande wa baba yako, Aws. Mtoto ni wa baba. Mimi nilikuwa nasema tu, mambo ya uzee."

Nasema tu! Mama anasema khali amemuona alfajiri uani, baada ya swala, anaupiga mpira ukutani. Na goti lile. Na daktari alishamwambia hata ngazi apande kwa kushikwa mkono.

Hakuna tusi lililoniuma leo kama yale "mambo ya uzee". Nimekaa ndani ya gari chini ya nyumba mpaka shawarma ya mtu ikapoa. Nikaila. Nikalia kidogo — shawarma ilikuwa na pilipili.


Jumatano, 4 Februari

Nina akili! Andika hapo, Aws ana akili, na cheti hana.

Nilichokosa kufanya Jumatatu ile, nimekifanya leo. Nimemtafuta mtu mzima. Ami Harub, mdogo wake baba, nahodha wetu wa Unguja, mpole, tumbo kubwa. Nikamwambia ami, nenda kwa Babu Sleiman ukanisemee. Umuombe radhi. Na umwambie jambo moja: Tanganyika haina mchezaji wa akiba.

Ami akaelewa kabla sijamaliza. Akavaa kilemba, akachukua na kilo ya halwa, akaenda rasmi kama anakwenda kuposa.

Mimi nikenda kwa fundi anayechapa jezi. Kijani, nyeusi, mistari ya manjano katikati, kama bendera yao ya zamani. Jezi zenyewe zilikuwaje Babu mwenyewe ana shaka, anasema picha zote za wakati ule hazina rangi. Mgongoni: SLEIMAN. Namba kumi na mbili, namba ya akiba.

Jioni tukampelekea, mimi na Badr. Kaishika mbali na macho, kaishika karibu. Kaigeuza. "Kumi na mbili," anasema. "Ndiyo yenyewe." Halafu kamgeukia Badr, uso mkavu kama jiwe: "Nahodha, mazoezi saa ngapi?"

Badr akapiga saluti, wallahi!

Babu akaniwekea mkono kichwani. Ya Rabbi nakushukuru. Kwa mkono huu, kwa ami, kwa halwa, hata kwa Raghad. (Raghad kidogo.)

Sharti la Mama: akae kitini tu. Asisimame. Babu kasema, binti yangu, kukaa benchi nani anakujua kuliko mimi.

Na Bibi kanirejeshea glavu. Kazitupa kitandani kwangu. Alhamdulillah.


Ijumaa, 6 Februari. Qantab

Naandika nimekaa chini ya nguzo ya goli. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa glavu. Haraka haraka, watu bado wanasali sunna.

Tumecheza tangu baada ya alasiri. Mchanga mzito, mbavu zinauma. Mbili kwa mbili. Nimeokoa ya Badr moja, nimeruka kama paka, bahati mbaya mpiga picha alikuwa Raghad na amepiga mawingu. Mbili zilizoingia jua lilinipiga machoni. Ndiyo, zote mbili.

Refa ni mwalimu wa skuli wa hapa Qantab, Kiswahili hajui, ndiyo maana tunamtaka. Bibi anamtukana ukoo mzima na yeye anamshukuru.

Babu kakaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu, kofia, fimbo. Anafunga kamba za viatu. Anafungua.

Dakika za mwisho kabisa, Badr ananijia peke yake, ami Harub anakimbia nyuma na tumbo lake, anamkumba. Chini wote wawili kama jengo limeanguka. Filimbi. Penalti!

Badr kauchukua mpira, kauweka. Akarudi nyuma. Halafu akasimama. Akageuka kule kwenye kiti.

Babu keshasimama. Fimbo kampa Raghad. Anavua kanzu, polepole, kifungo kwa kifungo. Ndani — kijani, nyeusi, manjano. Kumi na mbili.

Mama: "Baba! Kaa! Si tumekubaliana?"

Babu: "Nimekaa tangu sitini na nne, Hasina."

Refa kauliza kwa Kiarabu, nani huyu? Badr kamjibu, akiba wetu, anaingia. Refa akamtazama Babu juu mpaka chini, akaandika namba yake. Kaandika! Kaingia! Sasa hakuna wa kumtoa.

Amefika kwenye mpira, kavuta pumzi — na adhana ya maghrib.

Mpira ukabaki pale pale. Tumetawadha, tumepanga safu hapa hapa mchangani, Unguja na Tanganyika bega kwa bega. Babu kasali kwenye kiti, pembeni yangu. Niliomba. Nini, sijui, maneno yaligongana. Sijawahi kuwa na shukurani nyingi na hofu nyingi pamoja namna hii.

Tulipotoa salamu Bibi kanivuta sikio. "Ukimwachia afunge, ole wako, mashoga zangu wa Dubai wote wanatazama kwenye simu." Halafu kaangalia pembeni, kafuta jicho na ncha ya leso. "Lakini mwangalie alivyopendeza," anasema.

Na Babu, mkono begani kwangu, anajiinua: "Aws. Usinionee huruma. Ukiniachia nitajua. Ukiniachia mimi bado akiba."

Kwa hiyo? Nikiruka kwa kweli naweza kuudaka. Mzee wa miaka themanini na kitu, goti moja! Nitaudaka hata nimelala. Nisiporuka, atajua. Macho yake mabovu, lakini hilo ataliona.

Khali ameleta gari mbili, wamewasha taa. Mpira una kivuli kirefu mpaka miguuni kwangu.

Bibi keshakaa. Mama kajifunika uso, vidole kaviacha wazi. Babu anafunga kamba za viatu.

Kafunga. Hafungui.

Ananionyesha kwa kidole kona ya kulia, anacheka. Mzee mwongo huyu! Au kweli? Naweka kalamu. Glavu zinanata. Nitaruka kwa kweli —