Picha ya Sahani Matangani

Jumapili, mchana. Baridi ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Sina hasira, sina raha. Naandika tu.

Tangu daktari aniambie presha yangu inaletwa na hii tumbo, niko kwa programu ya kupunguza uzito. Nilipewa kocha, msichana anaitwa Shiru, tunajuana kwa simu tu. Kila sahani lazima nipige picha kabla sijakula, nimtumie. Kila Jumatatu napanda mzani na namba inaenda kwake yenyewe. Anajua vile nakula kuliko bibi yangu.

Kazini sijaambia mtu. Mimi ni fundi wa mbao Kawangware, na pale mwanaume wa umri wangu akikonda wanauliza anaugua nini. Akisema amekonda kwa kupenda kwake, atachekwa mpaka mwaka uishe. Kwa hivyo napiga picha zangu nikijifanya nasoma meseji.

Alhamisi tulikuwa mtaa wa Soweto West kwa Mama Mercy. Bwanake alifariki, alikuwa rafiki yangu, na mwili bado uko mochari. Kila jioni tunakutana hapo kwake kuchanga pesa ya gari ya kumpeleka nyumbani Western. Hiyo siku tukapewa wali na kuku. Kwa matanga hukatai chakula. Nikaweka sahani kwa goti, nikatoa simu, nikapiga picha, nikamtumia Shiru.

Mazoea tu. Sikufikiria.

Shikuku, tunafanya kazi pamoja, alikuwa amekaa kando yangu. Akasema kwa sauti ya nyumba nzima, "Ee, Baba Faith anachukua ushahidi! Watu waone vile pesa ya gari imegeuka mapaja ya kuku!"

Wakacheka, halafu wakageuka. Mama Mercy alikuwa kwa mlango na jagi ya maji ya kunawa. Aliniangalia, akingoja niseme kitu.

Ningesema, "Ni ya kocha." Basi. Lakini nilijua Shikuku angebeba hiyo maneno mpaka Kawangware. Nikarudisha simu mfukoni, nikaanza kula.

Nilimaliza yote.

Ijumaa wengi hawakuja. Jana ndio hata viti vilibaki bila watu. Wanasema mjane anapika kuku na pesa ya maiti. Gari ilikuwa itoke wiki hii, sasa mwenye gari amesema haiwashi bila pesa yote.

Kocha naye alijibu ile picha Alhamisi usiku huo huo. "Hongera kwa kuwa mkweli, wali punguza kidogo."

Mkweli.

Leo nikitoka kanisa nimeenda kwa Mama Mercy. Nikamweleza, nikampa simu, nikamwonyesha zote. Ugali nusu, sukuma, chai bila sukari, mpaka ile namba ya mzani ambayo bibi yangu hajawahi kuona. Alizipitia polepole na kidole. Akaniambia hizo kuku zililetwa na ndugu yake kutoka nyumbani, zikiwa hai, na yeye akachinja kwa sababu hawezi kuacha wageni wakae na njaa kwake.

Halafu akanirudishia simu.

"Sasa mimi unanionyesha ya nini, Baba Faith? Mimi nilikuwa najua sijakula pesa ya mtu. Enda uwaambie wale ulinyamazia."

Hakunipa chai. Simlaumu.

Jioni wanakutana tena. Nimempigia Shikuku, nikamwambia aje na wale wote waliacha kuja. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nataka kuwaonyesha ile picha ya sahani, na zingine nyingi. Akaanza kucheka hapo hapo kwa simu, na bado hajui ni za nini.

Nitasimama kabla ya maombi. Nitasema niko na kocha, niseme na kilo zangu kwa sauti, halafu niseme kuku zilikuwa za nani na kwa nini nilinyamaza. Naogopa, sitaficha.

Wacheke. Bora wakimaliza kucheka waingize mkono mfukoni.