Mhunzi Asiyetaka Kushikwa Bega

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada na nakuomba pia usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mhunzi kwa kazi, na pale karakana wananiita Chuma cha Pua kwa kuwa hakuna aliyewahi kunisikia nikisema naumwa. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nanyanyua fuawe, lile pande la chuma tunalofulia, wenzangu wakataka kunishika mkono nikawaambia wakae kando, nikasikia kitu kimekatika kwenye bega la kulia, nikatabasamu, nikaliweka fuawe mahali pake, kisha nikaenda nyuma ya stoo ya makaa nikalia, na tangu siku hiyo mkono haupandi kupita kifua, nagonga nyundo kwa kushoto na kuwaambia wenzangu najifunza mbinu mpya.

Sasa shida si bega, shida ni mke wangu. Amezoea kunikumbatia mlangoni nikirudi, nami nikawa namkwepa, mara nafungua viatu, mara nina masizi, na kitandani nimehamia ukingoni nikamgeuzia mgongo, na shati nalivulia bafuni mlango umefungwa maana linanichukua robo saa, hadi wiki iliyopita akaniuliza taratibu, "Baba watoto, una mtu mwingine?" nami, mshauri, nikanyamaza, kwa kweli nikaona afadhali anidhanie hivyo kuliko anione dhaifu. Amehamia chumba cha binti yetu, na Jumamosi anakwenda kwa dada yake na hajasema atarudi lini.

Hata kazini sina raha. Juzi mwashi mmoja kaniletea tindo la kupasulia mawe alilonunua kwa fundi mwingine, limevunjika vipande, ikabidi nimweleze kwamba huyo fundi alilipasha likawa jekundu, akalizamisha kwenye maji, likawa gumu hata tupa ya kunolea vyuma hailili, akaishia hapo, hakulirudisha kwenye moto mdogo lilegee kidogo, na tindo lisilolegezwa hupasuka kama kioo, hilo hata mwanafunzi wa siku mbili analijua. Basi niambie, nimrudishe vipi mke wangu bila kumtajia habari ya bega?

Ni mimi,
Chuma cha Pua

JIBU

Ndugu Chuma cha Pua, nilijitahidi nisicheke mpaka nilipofika kwenye hiyo mbinu mpya ya mkono wa kushoto. Pole kwa bega. Pole zaidi kwa mkeo, ambaye miezi mitatu amekuwa akiwachunguza wanawake wa mtaa mzima, kumbe mke mwenzake ni mshipa wa bega.

Hebu isome tena barua yako. Umemsema fundi mwenzako ukaeleza vizuri hadi mimi nisiyejua kushika nyundo nimeelewa kwamba chuma kigumu tu hakifai kitu, mpaka kilegezwe ndipo kihimili pigo. Kwa tindo unalijua hilo. Kwa nafsi yako umeishia kwenye maji. Nani alikwambia mwanamume akisema panauma anapungua kimo? Tena ukaona bora uitwe mzinzi kuliko mgonjwa! Kunyamaza kwako siku ile kumemuumiza mama wa watu kuliko fuawe lilivyokuumiza wewe, na hilo sitalipunguzia makali.

Kumrudisha bila kumtajia bega haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekufundisha. Usingoje Jumamosi. Leo toka kazini mapema, na shati usilivulie bafuni. Kaa kitini, mwite, mwombe akusaidie kulivua. Atakugombeza, ana haki, usijitetee. Kesho asubuhi mwende wote wawili hospitali, na nyundo uiweke chini mpaka daktari aseme. Wenzako pia waambie ukweli, ingawa naamini wanaujua siku nyingi na wanakustahi tu.

Na mkeo akishaliona hilo bega, hasira zake zitatulia kidogo, ataweka mkono juu yake akuulize, "Panauma?" Mjibu, "Panauma sana, mama watoto." Kisha tulia, uuache mkono wake ukae pale pale.