Ulikufa kwa Pombe, Salome

Salome, shoga yangu,

Nakuandikia nikiwa saluni, wateja hawajafika. Kwenye kiti chako sasa anakaa binti mmoja wa Kidigo, mkono mwepesi, maneno mengi. Yale mafuta ya nazi nimeacha kuyatumia. Unakumbuka tulivyokuwa tunamimina gongo kwenye chupa zake ili wateja wasijue? Nikiyanusa tu, nasikia harufu ya gongo.

Msiba wako bado sijausahau. Watu walikaa chini ya turubai, kijijini kwenu Amani, wakila wali, huku wakisema umerogwa. Kaka yako Elia ndiye aliyelisema kwa sauti kuliko wote. Akamtaja shangazi yenu, yule yule aliyekulea, eti alikuonea kijicho kwa ajili ya shamba la iliki. Mama yako akaamini. Nami nilikuwa nimekaa nyuma, mikono inanuka sabuni, maana damu uliyotapika hapa sakafuni niliifuta mimi. Nyeusi, inanuka gongo. Elia aliiona. Alisimama mlangoni akaziba pua. Nilitamani kumtemea mate.

Kisha nikaenda kunywa. Ndivyo nilivyokulilia, Salome. Siku moja nikaamka na matapishi yamegandia kwenye nywele, mimi msusi. Nikajinusa. Nikaenda zahanati kuomba dawa ya tumbo. Muuguzi akanitazama macho yalivyokuwa manjano, hakunisimanga. Akanipangia niwe narudi kwake, kwa kuwa kuacha ghafla peke yangu kungeweza kuniangusha, halafu akanielekeza kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana Jumamosi mchana, hapa hapa Nguvumali, kwenye darasa la chekechea.

Ungecheka. Watu wazima tumekaa kwenye viviti vya watoto, magoti kidevuni, ukutani bata na herufi. Karibu wote wanaume, na bibi mmoja mnene aliyekuwa akisinzia. Chumba kinanuka jasho na pumzi za jana. Mmoja akasimulia alivyouza kanga za mkewe, zote, huku anatabasamu. Nikachefukwa, nikasimama nitoke. Mzee Mhina, dereva mstaafu anayekiongoza kikundi, akaniambia taratibu, "Hata mimi wananichefua, mwanangu. Nilikuwa hivyo hivyo. Kaa."

Nikakaa. Nikarudi tena na tena. Sikuwa nawapenda. Ila nikishawatazama vile, hamu ya kunywa ilikuwa inakatika.

Jumamosi moja mlango ukafunguliwa, akaingia Elia. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akikuita aibu ya ukoo, kumbe naye alikuwa akinywa stoo kwake, hadi mkewe akamfukuza. Alikuwa ananuka, Salome. Akaomba kusema. Akasema ameanza kunywa kwa uchungu wa dada yake aliyerogwa.

Pale hatukatizani maneno. Mimi nilimkatiza. Nilikuwa nimesimama hata sijui saa ngapi nimesimama.

"Salome alikufa kwa pombe, Elia. Damu niliifuta mimi, na wewe uliiona. Huko Amani mnamtesa shangazi yenu bure."

Akainamisha kichwa. Akalia, kamasi zinamshuka hadi mdomoni, na sikumwonea huruma hata kidogo. Mzee Mhina akamsogezea maji. Baadaye Elia akasema, "Niliona afadhali uchawi kuliko aibu."

Nikamwambia ayaseme hayo mbele ya mama yake. Alichukua muda. Ila tulipanda wote Amani.

Shangazi yenu hakuwa anasalimiwa na mtu. Paa lake lilikuwa linapigwa mawe, naye anashinda ndani mchana kutwa amejifungia. Mama yako alikuwa anamenya magimbi. Elia akasema yote akiwa amesimama, bila kumtazama. Mama akanigeukia mimi. "Rukia, ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, mama. Tulikuwa tunakunywa wote, mwenzangu amekufa, mimi nimebaki.

Hakulia. Aliweka kisu chini, akajitanda kanga, akavuka hadi kwa wifi yake, nasi nyuma. Shangazi alifungua mlango lakini hakutukaribisha. Akasikiliza, halafu akasema, "Mmenizika nikiwa hai," akafunga. Nilidhani yameishia hapo. Asubuhi tulipokuwa tunapalilia kaburi lako, tukamwona anakuja na jembe lake, mchana kweupe, majirani wote wanatazama. Alianza upande wa miguuni kwako, mama yako akiwa upande wa kichwani, na walipokutana katikati mama alimpokea jembe, naye akaliachia.

Elia alishaanguka tena mara moja, akarudi kikundini na harufu ile ile. Bado ananichefua. Lakini akichelewa, natazama mlango.

Nimekukasirikia sana, Salome, kwa kuniacha na uchafu wote huu. Nimekukumbuka zaidi. Mtu akikaa kwenye kiti hiki akaniuliza nini kilikuua, nitamwambia pombe, na nitamwambia pia kwamba hakuna aliyesuka nywele za twende kilioni kama wewe, wala aliyecheka hadi watu barabarani wakageuka. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na nyingine ni kwamba leo sijanywa.

Lala salama, shoga yangu. Mteja ameingia.

Rukia