Ukoko wa Trunte

Birthe, nimetoka kwa jirani yangu Svend sasa hivi. Nivumilie.

Unajua Jumamosi mbwa wake, Trunte, alimng'ata mjukuu wangu Signe mkononi, akashonwa nyuzi nne. Nikamfokea mzee wa watu pale uani: "Sheria ifuate mkondo wake, Svend! Huyo mbwa simtaki tena hapa!"

Leo nikaenda kwa yule mwanasheria anayeshauri watu bure maktabani. Mpole kweli, alinivutia kiti mwenyewe. Akasema, "Kesi ya nini, mama? Mwenye mbwa lazima awe na bima, nayo itamlipa mtoto. Kwa jeraha hili, huenda polisi wakaagiza tu mbwa atembezwe kwa kamba, mdomo umefungwa."

Kamba tu, Birthe! Nikarudi mbio kumwambia.

Svend akafungua mlango amevaa shati lake la kanisani. Fomu ya bima ipo mezani, ameshaijaza, amekiri yote.

"Trunte yuko wapi?"

"Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo asubuhi, akamchoma sindano ya mwisho. Hakuumia. Ulisema humtaki, jirani."

Nilisema. Ni mimi niliyesema.

Hakunilaumu hata kidogo. Alinimiminia kahawa, akauliza mkono wa Signe unaendeleaje.

Na sasa Signe kamaliza mkate wake wa kupaka maini ya kusaga, kaacha ukoko pembeni ya sahani kama kila siku.

"Wa Trunte, bibi. Mwambie sijakasirika."

Nimeufunga kwenye karatasi. Uko mfukoni mwangu, Birthe.